Mukono wenye kufa bila damu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kutungojea ku nyumba,

Siku hizi ndugu moja aliingia mu biro yetu ya sendika, akatusalimia kwa mukono wa kushoto. Kwetu mutu mwenye heshima hasalimie wakubwa kwa kushoto, na mwenzetu moja pale alianza kumukaripia. Ndugu hakujibu. Alikamata mukono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akauinua, akauweka juu ya meza sawa vile mutu anaweka mufuko. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku. Nyama yenye kukaa kati ya kidole gumba na kidole cha kuonyesha ilikuwa imekwisha, kumebaki shimo. Kidonda hakuna, kovu hakuna. Akasema: «Yaya, bidole byangu habinisikie tena.»

Alikuwa mutu wa kutoboa mawe chini ya udongo, mu kampuni moja ya «sous-traitance» ambayo hatuitaje jina, kwa sababu dosye ingali mbele ya wenye kuamua. Miezi saba imepita tangu alipoteleza ku ngazi. Wakati anaanguka alishika bomba la hewa kwa mukono moja akaninginia, na uzito wote, mwili, lampi, vyombo, ukavuta bega moja. Wenzake walimushusha. Ku kituo cha afya cha kampuni walimupiga radio: mifupa yote mizima. Akapewa dawa ya maumivu na siku tano za repo. Akarudi ku kazi, akatumika na mukono moja, wenzake wakimufichia. Kontra yake ya miezi mitatu ikaisha, haikufanywa upya. Leo tukiuliza aksida ile iliandikwa wapi, tunaonyeshwa rejista: «maumivu ya bega». Maneno matatu, na mukono wa mutu mwenye watoto wane.

Hatusemi kwamba munganga ule alikuwa mutu mubaya. Tunasema radio inaonyesha mufupa, na kilichoharibika hakikuwa mufupa. Tunasema tena kwamba kile kilichoharibika kina saa yake, na saa ile ilianza kuhesabu siku ya ngazi, wakati sisi wote, kampuni, munganga, sendika, na yeye mwenyewe, tulikuwa tunangojea kwamba «itapita».

Shida ya kwanza ni ya lugha yetu. Tuko na neno moja kwa vitu vitatu. Bomba la damu tunaita mushipa. Ile kamba ngumu yenye kufunga musuli ku mufupa, tunaita mushipa. Na ule uzi wenye kuchukua amri kutoka ku kichwa mupaka ku kidole, nao tunaita mushipa. Mutu anasema «mushipa imejipanda», tunaitika wote, tunatafuta mafuta ya kukandia. Lakini mushipa wa damu ukikatika damu inaruka, na kila mutu anakimbia. Kamba ikivutika inavimba, inauma, kisha mara mingi inapona kwa kupumuzika. Ule wa tatu haurushe damu, na pengine hauvimbe. Mutu anakuwa tu na mukono wenye kulala, mara na moto kama wa pilipili mu ngozi, mara hakuna kitu kabisa. Ule mu vitabu vya Kiswahili unaitwa neva, na wenye kusoma Kifaransa wanaujua: nerf. Hapa tutasema neva, kusudi tusichanganye tena.

Wenye kutumika chini ya udongo wanajua kabeli. Mashini ikikataa kuzunguka, elektrisye mwenye akili haanze kufungua moteri. Anafuata kwanza kabeli tangu kabini. Moteri inaweza kuwa nzima kabisa na isitumike. Mukono ni vile vile.

Ndani ya mifupa ya mugongo munapita kabeli kubwa. Ku shingo, kwa kila mukono, kunatoka mizizi tano: mine ya chini ya shingo na moja ya mwanzo wa kifua. Waganga wanaiandika C5, C6, C7, C8 na T1 (wengine wanaandika D1). Mutu akiona herufi hizo ku karatasi yake ajue wanasema juu ya hapo. Mizizi hiyo inapita kati ya misuli ya shingo, inaungana kuwa vigogo vitatu, inavuka juu ya ubavu wa kwanza, inaingia chini ya mutulinga, ule mufupa unaolala kati ya shingo na bega. Pale inagawanyika na kuungana tena, kila moja inamupa mwenzake nyuzi, mupaka mu kwapa munatoka neva kubwa tano zenye kuendesha mukono wote. Fundo hiyo yote kwa Kifaransa inaitwa «plexus brachial». Inakaa fasi ndogo. Mwenye kutuumba alifunika ubongo na mufupa pande zote, lakini fundo hii aliiacha karibu wazi, kusudi bega lizunguke pande zote. Njo maana tunaweza kupiga nyundo, na njo maana tunaumia hapo.

Kitu kimoja mufanyakazi akikamate mu kichwa: mizizi ya juu inaamuru bega na kiwiko, mizizi ya chini inaamuru vidole. Kwa hiyo namna ya kuanguka inasema namna ya kuumia. Mutu akiruka toka ku pikipiki akatua na bega, kichwa kikisukumwa upande mwingine, shingo na bega vinaachana kwa nguvu, na mizizi ya juu njo inavutika. Mukono unaning'inia pembeni, haupande, kiwiko hakikunjike, lakini vidole vinashika. Duniani kote, kwa watu wazima, pikipiki njo yenye kuharibu fundo hii kupita vyote, na sisi hapa tunajua saa gani wafanyakazi wanapanda pikipiki watatu-watatu kwenda ku zamu ya asubuhi. Sasa mutu mwenye kuanguka akashika kitu juu, kamba, bomba, ukingo wa shimo, mukono wake unavutwa kwenda juu, na mizizi ya chini njo inalipa. Bega linapanda vizuri. Vidole vinakufa. Vile njo vilimupata ndugu yetu.

Hii siyo elimu mupya. Mu 1874 Mujerumani moja, Wilhelm Erb, alikwisha kueleza ugonjwa wa mizizi ya juu. Mu 1885 mwanamuke moja kijana, Augusta Klumpke, mwenye kuzaliwa Marekani na kusomea uganga ku Paris, akaeleza ule wa mizizi ya chini, na akaonyesha jambo moja la kushangaza: muzizi wa mwisho ukiharibika karibu na mugongo, jicho la upande ule linabadilika. Kope linashuka kidogo, mboni inakuwa ndogo. Tulisoma hiyo, tukamwita bibi ya ndugu yetu. Tulimuuliza bila kumwambia sababu: je, mama, uliona kitu gani kingine ku mwili wa bwana? Akafikiri. Akasema tangu siku ile jicho la kuume lilikuwa kama la mutu mwenye usingizi, alidhani ni uchovu wa maumivu. Mama ule, mwenye kuuza makala ku barabara, aliona dalili ambayo ku karatasi hakuna mutu aliyeiandika. Hakuna mutu aliyemuuliza.

Basi tuseme namna ya kuangalia. Haiombe mashini, haiombe mafranga, inaomba dakika mbili, na delege yeyote anaweza kuifanya mbele ya kumupeleka mugonjwa, ikiwa mufupa hauonekane kuvunjika na bega halikutoka fasi yake. (Kama vimevunjika, acheni, mufunge mukono ku kifua na kitambaa, mukimbie ku hopitali, hata huko vidole peke yake vinaweza kuangaliwa.)

Mwambie ainue mukono pembeni kama ndege. Akishindwa, na ngozi ya inje ya bega ikiwa na ganzi, ni neva yenye kuzunguka chini ya bega. Inaumia sana wakati bega linatoka fasi yake. Mwambie akunje kiwiko, kiganja kikiangalia juu: ni neva ya musuli wa mbele ya mukono. Mwambie anyooshe kifundo na vidole kwenda juu, kama polisi mwenye kusimamisha gari. Kifundo kikianguka kama shingo ya kuku wa kuchinjwa, ni neva radiali. Hiyo inajizungusha nyuma ya mufupa wa juu wa mukono, inagusa mufupa wenyewe, kwa hiyo mufupa ule ukivunjika katikati, neva inaweza kukatwa au kubanwa. Wale wenye kutembea na bekiyi fupi ao ndefu kupita, wenye kulalia kwapa juu yake, nao wanaipoteza. Na wale wenye kulala walevi, mukono umening'inia juu ya kiti mupaka asubuhi, wanaamuka kifundo kimeanguka na wanasema wamelogwa. Hawakulogwa. Wengi wao wanapona kwa majuma, na tungependa waseme asante kwa kunywa kidogo, lakini hiyo ni shauri lao.

Zinabaki mbili za mukono wa kazi wenyewe. Neva mediani inapita katikati, inaingia mu kiganja kwa mulango mwembamba ku kifundo, pamoja na kamba tisa za vidole. Inasikia kidole gumba, cha kuonyesha, cha katikati na nusu ya kile kinachofuata. Mwambie agusishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Neva ulnari njo ile yenye kupita nyuma ya kiwiko: ukigonga kiwiko ku mulango na kusikia kama kuraa mupaka ku kidole kidogo, uligonga hiyo. Mwambie apanue vidole vyote, kisha umuwekee karatasi kati ya vidole viwili na uivute. Karatasi ikitoka bila kushindana, andika. Andika saa, siku, kidole gani, na nani alikuwepo. Usiandike «maumivu». Maumivu kila mutu anayo.

Sasa saa. Neva yenye kuumia inaweza kuwa mu hali tatu, na Muingereza Herbert Seddon alizipanga wakati wa vita, mu 1943. Ya kwanza, neva imegongwa tu: inanyamaza, kisha inarudi kwa siku ao kwa majuma. Ni ya watu mingi, na hatutaki kutisha mutu bure. Ya pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ngozi ya kabeli imebaki. Nyuzi zinaota tena, lakini polepole: karibu milimetre moja kwa siku. Ya tatu, kabeli imekatika kabisa, ao muzizi umeng'olewa ku mugongo. Hiyo hairudie peke yake. Inaomba fundi wa kupasua, mwenye kushona neva ao kuchukua neva jirani na kuielekeza fasi nyingine.

Mufanye hesabu kama mafundi. Kutoka shingo mupaka ku vidole ni zaidi ya santimetre 70. Kwa milimetre moja kwa siku, ni siku 700, karibu miaka miwili. Lakini musuli wenye kukosa amri haungojee miaka miwili. Unakonda, unageuka, na kisha mwaka moja ao mwaka na nusu, hata neva ikifika, haupokee tena. Ni kama kuleta kuraa ku moteri yenye kuoza. Kwa hiyo mafundi wa kupasua neva wanataka kumuona mugonjwa mapema, na kama hakuna kurudi, kupasua mu miezi mitatu mupaka sita ya kwanza. Ndugu yetu alitufikia mwezi wa saba.

Ile njo «itapita» ilimugharimu.

Kuna kufa kwingine kwa neva, kwa polepole, kusiko na siku. Wale wa marto wanaijua: usiku vidole vinawaka, asubuhi haviwezi kufunga kifungo cha shati, na mu Juni na Julai, wakati wa baridi, vinageuka vyeupe kama vya maiti. Mutikisiko wa mashini unaharibu neva ndogo za vidole na mishipa ya damu pamoja, na kushikilia kwa nguvu kunabana ile mediani ku mulango wake. Munganga Loriga aliliandika mu 1911 juu ya watu wa marto ku Italia. Mu 1918 Alice Hamilton, munganga mwanamuke wa Marekani, alikwenda kuwaangalia wenye kuchonga mawe ku Bedford, mu jimbo la Indiana, mu baridi, na akaona vidole vile vile vyeupe. Wachimba makala wa Uingereza walihangaika mu mahakama mupaka miaka ya 1990 kusudi vidole vyao vikubaliwe kuwa ugonjwa wa kazi wa kulipwa. Walipokubaliwa, zaidi ya watu 100 000 waliomba. Ufaransa wana tablo namba 69 ya magonjwa ya kazi, yenye kusema juu ya mutikisiko. Ulaya nzima, tangu 2002, ina sheria: mashini ikitikisa kupita 2,5 mu kipimo cha metre kwa sekunde mara mbili, kwa siku ya saa nane, patron lazima afanye kitu, ikipita 5, kazi isimame mupaka ipunguzwe. Kampuni zenye kuja kwetu toka inje zinajua hesabu hizo. Sisi tunauliza tu: ku mashini zetu, nani alipima, siku gani, na karatasi iko wapi?

Wakati tunangojea jibu, kuna vitu mutu wa marto anaweza kujifanyia. Ncha yenye kuisha inatikisa kuliko ncha mupya. Kuiomba siyo kudeka. Usikamue mushiko kuliko inavyoomba kazi. Mupokezane. Glovu iliyolowa inaleta baridi, na baridi inafunga damu. Tumbaku nayo inafunga damu. Tunajua hamutaisikia hiyo.

Kwa wandugu wa kuchimba na mikono, wa makoperative, tuna neno kidogo. Wenye kupandisha mifuko ya mawe wanaiweka fasi ile ile kila siku, kati ya shingo na bega, juu kabisa ya fundo tuliyoeleza. Kuna neva moja ndefu, ya mizizi ya juu, yenye kushuka ku mbavu na kushika mufupa wa bega usitoke. Ikichoka, mufupa ule unatoka mugongoni kama bawa wakati mutu anasukuma ukuta. Tumeona vijana wenye bawa hilo, na wenzao wanawacheka. Wasichekwe. Wabadilishe bega, waweke kitambaa kinene, wapumuzike, na mufuko wa mutu moja usiwe wa kushindana. Koperative iliundwa kisheria kusimamia machimbo. Tungependa isimamie na mabega.

Na ku nyumba. Wamama, mukono wenye neva ya kufa hausikie moto. Bwana anaweka kiganja karibu na mbabula na anaungua mupaka harufu ya nyama imuamushe. Maji ya moto ya kukandia yajaribiwe kwanza na mukono wenu ninyi. Mukono usininginie, ufungwe na kitambaa. Vidole, kifundo, kiwiko, bega, vikunjwe na kunyooshwa polepole kila siku, mara kadhaa, na yeye mwenyewe ao na mutoto, kusudi viungo visigande. Neva ikirudi siku moja, ikute fasi ya kuingia. Lakini kuvuta mukono kwa nguvu, kukanyaga kwapa ili «kurudisha mushipa», hapana. Tumeona mukono wenye nusu ya uhai ukamalizwa vile.

Tena kuna mutoto mwenye kuzaliwa na mukono wa kulala, kwa sababu bega lilikwama wakati wa kuzaa na shingo ikavutika. Ni mizizi ile ile ya Erb. Si kosa ya mama, na hakuna shangazi yeyote aliyefanya kitu. Wengi wanarudi peke yao mu majuma ao miezi ya kwanza. Kama kwa miezi mitatu mutoto hajakunja kiwiko bado, aonyeshwe ku hopitali kubwa, asingojewe mwaka.

Tufike ku sheria, kwa sababu huko njo kunatuuma. «Code du travail» ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 177, inamuomba patron kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa na aksida, hata kontra ikiwa imesimamishwa, mupaka kontra iishe. Musome tena maneno ya mwisho. Kontra ya miezi mitatu, neva ya miaka miwili. Njo maana hatuwezi kukubali kwamba aksida iandikwe kama ugonjwa wa kawaida. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaweka aksida ya kazi na ugonjwa wa kazi chini ya CNSS, ile yenye zamani tuliita INSS, na njia ya kutoka ku nyumba kwenda ku kazi na kurudi nayo inahesabiwa. Dosye yenye kufika huko haifi pamoja na kontra. Dosye yenye kubaki «maumivu ya bega» inakufa ile siku badge inakatwa.

Na tuseme ukweli, kosa si la patron peke yake. Sisi wenyewe mu komite ya usalama na usafi, miaka hii yote, tunasema juu ya kofia, buti na maski. Aksida ikitokea tunauliza: damu ilitoka? mufupa ulivunjika? Kama hapana, tunashukuru Mungu na tunafunga kaye. Delege wa zamu ya ndugu yetu ni mutu wetu. Alimuona siku ile, akamupa maji, akamwambia avumilie. Alituambia mwenyewe, na haikuwa raisi kwake kusema mbele ya wenzake.

Ku kikao chenye kuja cha komite tutaweka mambo mane juu ya meza. Karatasi ya kwanza ya kila aksida ya bega, shingo ao mukono iandikwe ile siku, na mienendo mitano ndani yake, na majina ya mashahidi. Mwenye ganzi ao uzaifu wenye kupita majuma matatu apelekwe kwa munganga mwenye kujua neva, kwa gharama ya kampuni, mbele ya mwezi wa tatu. Mutikisiko wa kila marto na kila mashini upimwe, na hesabu ibandikwe fasi wafanyakazi wanachukuliaka lampi. Na wafanyakazi wa «sous-traitance» wahesabiwe kama wengine, kwa sababu ngazi haikuuliza ndugu yetu ni wa kampuni gani. Delege mwenye kukataliwa karatasi ya kwanza atuletee siku na saa, tutaanza hapo.

Dosye ya ndugu tuliijaza upya. Wawili wenye kuwa naye ku ngazi wamekubali kuandika majina yao, na kontra zao nazo ni za miezi mitatu. Yeye alitia sahihi na mukono wa kushoto, herufi moja-moja, ulimi umetoka inje kama wa mutoto wa darasa la kwanza. Bibi yake alimushikia karatasi isiteleze.